Nukta Haimzuii Mwizi

Wanangu mnaotengeneza tovuti za watu katika vyumba vya ghorofani mitaa ya Aggrey, Msimbazi na Kongo pale Kariakoo, Dar es Salaam, na kule Posta, nina neno nanyi. Kazi yenu naijua na naiheshimu. Asubuhi mnapokea picha za bidhaa kwa WhatsApp, na siku chache baadaye duka la vitenge lina tovuti yenye bei, namba ya simu na kitufe cha kulipia. Mteja anafurahi, anamalizia hela iliyobaki, mnaagana. Ninalotaka kusema linahusu kitu ambacho mteja huyo hakukiona, na ambacho wengi wenu hamjawahi kukifungua: faili ambazo majina yake huanza na nukta.

Neno langu ni moja, mengine yote ni matawi yake. Nukta ile huificha faili machoni pa mwenye tovuti. Machoni pa mwizi haiifichi.

Asili yake ni mfumo wa Unix, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila folda katika mfumo huo ilikuwa na maingizo mawili ya lazima, moja likiitwa nukta na lingine nukta mbili. Waandishi wa amri ya kuorodhesha faili hawakutaka mawili hayo yajitokeze kila mara, wakaielekeza iruke kila jina linaloanza na nukta. Watu wakaona hapo pana mahali pazuri pa kuweka faili za mipangilio bila kuijaza skrini. Kufuli halikuwepo, wala hakuna aliyekusudia kuliweka. Ilikuwa njia ya kupunguza msongamano kwenye orodha, basi. Lakini baada ya nusu karne bado ninakutana na vijana wanaoamini kwamba kisichoonekana kimelindwa.

Sasa tazameni mahali mnapofanyia kazi. Seva nyingi mnazokodi ni za pamoja, na zinafanana na majengo ya fremu ya Kariakoo: mwenye jengo mmoja, wapangaji wengi, ngazi moja, umeme mmoja. Mpangaji haruhusiwi kugusa nguzo, ila ndani ya fremu yake anapanga rafu apendavyo. Mipangilio mikuu ya Apache, programu ya seva iliyoanza mwaka 1995 na ambayo bado inaendesha tovuti nyingi za wapangaji wadogo, iko mikononi mwa kampuni ya hostingi. Wewe umeachiwa faili moja, .htaccess. Humo ndimo unamoelekeza wageni watoke anwani ya zamani waende mpya, unamowalazimisha wapite njia salama ya https, unamoifunga folda kwa nywila, unamokataza watu kuona orodha ya picha na hati zako.

Nguvu ya faili hiyo msiidharau. Kila mgeni anapofungua ukurasa, Apache huisoma upya na kutii kilichomo, katika folda ilimo na katika folda zote zilizo chini yake. Haingoji seva izimwe na kuwashwa. Ukibonyeza kuhifadhi, amri imeshaanza kazi kwa kila mteja aliyeko mtandaoni. Jirani yake ni .env, ambayo wanaotumia Laravel wanaijua vizuri. Hiyo haitoi amri, inatunza siri: jina la hifadhidata na nywila yake, funguo za kutuma SMS, funguo za kupokea malipo ya simu. Faili mbili, moja ni uongozi wa tovuti, nyingine ni hazina yake, na zote hazionekani ukiangalia juujuu.

La kwanza basi, hakikisheni mnaziona. Ndani ya cPanel, fungua kidhibiti cha faili, nenda kwenye mipangilio yake, tia tiki kwenye chaguo la kuonyesha faili zilizofichwa. Ukitumia FileZilla, chaguo la kulazimisha zionekane liko kwenye menyu ya seva. Ni kazi ya dakika moja, na asiyeifanya huja kuilipia siku ya kuhamisha tovuti. Nimeshuhudia jambo hili likirudiwa na vijana wengi. Anahamisha tovuti ya WordPress kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Anachagua kila anachokiona, anakibeba, anaunganisha hifadhidata, ukurasa wa mwanzo unafunguka, anampigia mteja simu kumwambia tayari. Mteja anabofya bidhaa ya kwanza, anaambiwa ukurasa haupo, 404. Ya pili hivyo hivyo. Kijana anakesha akifuta na kusakinisha upya, kumbe .htaccess imebaki kule alikotoka. Angeingia sehemu ya mipangilio ya viungo vya kudumu ndani ya WordPress na kubonyeza kuhifadhi, WordPress ingejiandikia faili hiyo yenyewe, mradi ina ruhusa ya kuandika. Na wewe unayetumia amri ya kunakili yenye kinyota usijione umesalimika, kwa sababu kinyota hicho kwa kawaida huyaruka majina yanayoanza na nukta.

Kabla ya kuhama, ulizeni seva mpya ni ya aina gani. LiteSpeed huisoma .htaccess. Nginx haiisomi kabisa, wala haikupi onyo lolote. Folda ya ankara uliyoifunga kwa nywila kule, huku itakuwa wazi kwa kila mtu, nawe utaendelea kuiona faili yako mahali pake ukidhani inalinda.

La pili, msihariri bila nakala. Sisi tulioifanya kazi hii kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujafika Dar es Salaam, Julai 2009, tulitegemea satelaiti. Kupakia faili ndogo kuliweza kukatika katikati ukaanza upya. Shida hiyo ilitulazimisha kuandika kwanza kwenye kompyuta zetu, kusoma mara ya pili, ndipo tupakie. Leo kasi imewaondolea subira. Kijana amesimama kituo cha mwendokasi cha Gerezani, simu mkononi, anarekebisha .htaccess ya duka ambalo muda huohuo lina wanunuzi. Herufi moja ikikosewa humo, tovuti yote inatoa kosa namba 500, na mwenye duka hajui kama afunge au asubiri.

Wengi hukosea kwa sababu wananakili mistari kutoka maelekezo ya zamani. Apache 2.4 ilipotoka mwaka 2012, namna ya kuruhusu na kukataza wageni ilibadilika, lakini maelekezo ya kabla yake yamejaa mtandaoni hadi leo. Ukibandika usichokielewa, utakuwa unabahatisha kwa mali ya mwenzio. Kosa likitokea, soma kwanza kumbukumbu za makosa. Kampuni nyingi za hostingi zimekuwekea ndani ya cPanel, na mara nyingi zinakutajia faili na mstari wenye tatizo. Wazee wa Kariakoo walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mstari unaoanza na alama ya reli (#) ndani ya .htaccess hausomwi kuwa amri, basi utumieni kuwa daftari: tarehe, ulichobadilisha, sababu. Na kwenye WordPress, msiandike kati ya mstari wa kuanza na mstari wa kumaliza uliowekwa na WordPress yenyewe, kwa kuwa eneo hilo huandikwa upya na kazi yenu itafutika.

Hata nakala ina hatari yake, na hapa wenye nia njema huumia. Mtu anataka kurekebisha wp-config.php, anafanya uangalifu, anaacha nakala pembeni kwa jina wp-config.php.bak. Seva huendesha faili inayoishia na .php na kumpa mgeni matokeo tu. Ikiishia na .bak au .old, kwa kawaida haiiendeshi. Humpa mgeni maandishi yenyewe, nywila ya hifadhidata ikiwemo. Apache huja na katazo la kutoa faili zinazoanza na .ht, ila katazo hilo halihusu nakala yako. Nakala zikae juu ya public_html, mahali ambapo hakuna anwani ya mtandaoni inayofika, na nyingine ikae nje ya seva kabisa.

La tatu, na hili ndilo linaloninyima raha zaidi: ondoeni siri kwenye njia ya wageni. Laravel imeundwa ili folda moja tu, ile inayoitwa public, ndiyo ielekee mtandaoni. Programu iliyobaki pamoja na .env vinatakiwa kukaa nyuma yake. Lakini mwenye haraka hupakia mradi mzima ndani ya public_html, anauona unafanya kazi, anaondoka. Tangu saa hiyo, yeyote anayeandika anwani ya duka kisha mkwaju na .env anaweza kupewa funguo zote.

Msiseme nani atahangaika na duka la Kariakoo. Hakuna mtu anayekaa kulichagua duka lako. Ni programu zinazogonga kila anwani usiku na mchana. Agosti 2024, watafiti wa Unit 42 wa kampuni ya Palo Alto Networks walieleza genge moja lililopekua shabaha zaidi ya milioni 230 likitafuta faili za .env zilizoachwa wazi. Lilizipata kwenye vikoa 110,000. Ndani yake mlikuwa na vigezo zaidi ya 90,000, na 7,000 kati ya hivyo vilihusu huduma za wingu za makampuni. Kisha wenye data wakadaiwa fedha. Kuzipata faili zile hakukuhitaji kuvunja chochote. Ziliombwa kwa majina yake, seva zikazitoa.

Jaribuni wenyewe, leo, kwa tovuti mlizozijenga. Andika anwani ya mteja wako, ongeza /.env, ubonyeze. Fanya hivyo pia kwa /.git/config, maana wengi hupakia folda ya .git na kumpa mgeni historia nzima ya msimbo wao. Unatakiwa upate 403 au 404. Ukiona maandishi, usiishie kuificha faili. Ufunguo ulioonekana umekwisha kazi hata kama hujui nani aliuona. Badilisha nywila ya hifadhidata, omba funguo mpya za SMS na za malipo, zima za zamani, kisha mwambie mteja ukweli. Mficha uchi hazai.

Ila katika kufunga msifunge kwa hasira. Kuna folda moja yenye nukta ambayo lazima ifikiwe, nayo ni .well-known. Kampuni nyingi za hostingi huchukua vyeti vya usalama kwa Let's Encrypt, ambavyo kwa kawaida hudumu siku 90, na huvihuisha kwa kuthibitisha kupitia folda hiyo. Ukiandika katazo la kila kinachoanza na nukta, tovuti itaendelea vizuri kwa wiki kadhaa, kisha asubuhi moja kila mnunuzi ataonywa na kivinjari chake kwamba mahali hapa si salama. Kufikia hapo umeshasahau ulichokiandika.

La nne, hesabuni ruhusa zenu. Programu ikigoma kuandika faili, ushauri unaopatikana haraka ni kuweka 777. Maana yake ni kwamba kila mtumiaji wa seva ile anaweza kusoma, kuandika na kuendesha. Kwenye seva ya pamoja, kila mtumiaji ni pamoja na wapangaji usiowajua, na akaunti ya mmoja wao ikidukuliwa, milango yako ndiyo itakayofuata kujaribiwa. Faili za kawaida ziwe 644, folda ziwe 755, na zenye siri ziwe 600 pale ambapo PHP inaendeshwa kwa jina la akaunti yako, kama ilivyo kwenye seva nyingi za sasa. Programu ikigoma bado, tafuta sababu ya kugoma, usivunje ukuta. Hata wakubwa huingiliwa: Januari 2012, tovuti 103 za serikali ya Kenya zilichafuliwa kwa mkupuo na mdukuzi kutoka Indonesia. Zilikuwa za wizara na idara, zenye watu wa kuziangalia. Duka lisilo na mtu wa kuliangalia lina nini cha kulikinga isipokuwa fundi aliyelijenga?

La tano, jueni kwamba adui naye hupenda faili zenye nukta. Akishaingia hapendi kelele. Anaandika mistari yake ndani ya .htaccess, mara nyingi baada ya nafasi tupu nyingi ili ukiifungua uone mistari yako tu, usishuke hadi chini. Mistari hiyo ina sharti: mgeni akitokea Google apelekwe kwenye tovuti ya kamari au ya dawa bandia, akiandika anwani mwenyewe aachwe apite. Mwenye duka huandika anwani mwenyewe kila siku, kwa hiyo kwake kila kitu ni kizuri. Wanunuzi wapya ndio wanaopotea, nao hawarudi kulalamika. Mwenye duka anakuja kwako analia kwamba simu haziiti kama zamani, nawe unafungua, unaona sawa, unamwambia soko gumu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Pimeni basi kwa njia ya mgeni. Chukua simu nyingine, tafuta jina la duka kwenye Google, ingia kwa kubofya matokeo. Angalia tarehe ya mwisho ya kubadilishwa kwa .htaccess, kama si wewe uliyeigusa siku hiyo, uliza ni nani. Ilinganishe na nakala safi uliyoitunza. Tazama pia .user.ini, kwa kuwa mstari mmoja humo unaweza kuiamuru PHP ianze na faili ya mwizi kabla ya kila ukurasa. Na ukifuta mistari ikarudi baada ya muda, usiendelee kufuta tu. Kuna kazi iliyopangwa kwenye seva inayoirudisha, au kuna mlango wa nyuma uliobaki. Tafuta mzizi.

La sita ni la moyo kuliko la mikono. Wateja wenu wengi walishuhudia Soko Kuu la Kariakoo likiungua usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021. Wanajua maana ya kuamka maskini. Mtu wa namna hiyo anapokukabidhi biashara yake uiweke mtandaoni, hajui .htaccess wala .env, na hana haja ya kujua. Anakujua wewe. Alichokupa ni amana, na amana haigawanyiki kati ya sehemu inayoonekana na isiyoonekana.

Sheria nayo imeshafika mlangoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Jina la mnunuzi, namba yake ya simu na mahali anapopelekewa mzigo ni taarifa binafsi, na anayezikusanya anapaswa kuzilinda. Zikimwagika kupitia nakala uliyoisahau, mwenye duka ndiye atakayeulizwa kwanza, naye atakutaja. Na ile tamaa ya kuchungulia mafaili ya mpangaji mwenzio kwa sababu ameacha wazi, iacheni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaita kosa kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, na uwazi wa mlango haukupi idhini. Ukiona wazi, mpigie mwenyewe au kampuni ya hostingi.

Nywila msizitupe kwenye makundi ya WhatsApp. Kikoa cha mteja kisajiliwe kwa jina la mteja, si lako. Siku ya kukabidhi kazi, mpe karatasi yenye mambo manne: hostingi iko kwa nani na inaisha lini, kikoa kinaisha lini, faili zenye nukta zipo zipi na kila moja inafanya nini, nakala ziko wapi. Msishikilie funguo ili mteja asiwakimbie. Fundi anayerudiwa kwa sababu ya uaminifu hula muda mrefu kuliko anayerudiwa kwa sababu ya kufungiwa.

Kariakoo ufundi hujifunzwa kwa kukaa pembeni ya anayejua. Hakuna kati yenu asiyefundishwa na mwenzake, na kila mmoja kesho atakuwa na kijana pembeni yake. Kijana huyo ataiga unachofanya, hataiga unachosema. Akikuona unaweka 777 ili uwahi kula, atadhani ndiyo kazi. Basi siku ya kwanza anapokuja, kabla hujamwonyesha rangi na maandishi, mkalishe, washa chaguo la kuonyesha faili zilizofichwa, mpitishe moja baada ya nyingine, mwambie hii ndiyo amana ya mteja na kuanzia leo unaibeba nami. Mungu awape macho ya kuiona na subira ya kuitunza.